Moshi wa Juba Una Mwenyewe

Kila mazungumzo ya moshi mjini Juba huishia kwa mtu yule yule: kijana wa bodaboda. Yeye ndiye mchafuzi, yeye na mwenzake wa raksha ya magurudumu matatu, na yule wa Hiace iliyochoka kabla haijavuka mpaka wa Uganda hapo Nimule. Wanaosema hivyo husema wakiwa ndani ya magari marefu, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma. Sitamung'unya maneno: huo ni uongo, na ni uongo unaoua. Moshi unaotufunika Custom, Konyokonyo na Jebel hautokani na umaskini wa dereva. Unatokana na jinsi gari linavyolazimishwa kwenda katika mji huu, na wanaolilazimisha wanajulikana kwa sura na kwa vyeo.

Tumezoeshwa kuamini kwamba kila gari lina kiasi chake cha moshi kilichopangwa na umri wake na ukubwa wa injini. Hesabu magari, zidisha, umepata jibu. Kuzidisha namna hiyo kunafaa kwa kitu kimoja tu, kaboni dioksidi, tena ukihesabu lita badala ya magari. Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za gesi hiyo, lita ya dizeli kama kilo 2.7, hata iwe imechomwa na waziri au na muuza maji. Lakini kaboni dioksidi siyo inayomkohoza mama chai aliyeketi kando ya barabara na majiko yake tangu alfajiri. Kinachomkohoza ni masizi, monoksidi ya kaboni, oksidi za naitrojeni, na mafuta yaliyotoka kwenye ekzosi bila kuungua sawasawa. Hivyo vyote havifuati lita. Vinafuata mguu wa dereva, sekunde kwa sekunde.

Itazame Hiace moja ikitoka stendi ya Custom kuelekea Gudele. Imejaa hadi mlangoni. Kondakta anagonga bati, dereva anakanyaga mafuta, wingu jeusi linatoka nyuma na kuwavaa walio kwenye foleni ya nyanya na vocha. Haijafika mita 50, kuna shimo. Breki. Gia ya kwanza, mafuta tena, moshi tena. Raksha imekatiza mbele. Breki. Abiria anashuka, mwingine anapanda, injini inanguruma mahali pamoja. Mafuta tena. Mbele kuna askari amenyoosha mkono. Gari linakwenda pembeni na kusimama, karatasi zinakaguliwa, maneno yanabadilishwa, injini haizimwi kwa sababu stata ni mbovu na dereva anajua ikizimika gari litasukumwa. Kisha mafuta tena. Ukichukua umbali wa safari ile ukaugawa kwa muda, utapata mwendo wa taratibu kabisa, mwendo wa mtu mstaarabu. Katika wastani huo, kila kilichotoka kwenye ekzosi kimezikwa.

Wahandisi wana njia ya kukifukua. Mwaka 1999, katika tasnifu yake ya uzamivu huko MIT nchini Marekani, José Luis Jiménez alipendekeza tuache kuuliza gari linakwenda kwa kasi gani, tuulize injini inadaiwa nguvu kiasi gani kwa kila tani ya uzito wa gari. Unahitaji vitu vitatu tu: kasi ya gari, jinsi kasi hiyo inavyoongezeka au kupungua kila sekunde, na mwinuko wa barabara. Nimepiga hesabu kwa kanuni yake. Gari dogo la kawaida likienda kilomita 30 kwa saa kwenye lami tambarare bila kubadili mwendo, linadai kama kilowati 1.3 kwa tani. Gari hilo hilo, kwa kasi hiyo hiyo ya 30, likiwa linaongeza mwendo kwa mita moja kwa sekunde katika kila sekunde, kama linavyofanya likitoka shimoni, linadai zaidi ya kilowati 10. Ni mara nane. Spidomita inasoma 30 mara zote mbili.

Na moshi haupandi polepole pamoja na nguvu hiyo, unaruka. Injini ya petroli ikikanyagwa kwa nguvu humwagiwa mafuta mengi kuliko hewa inayoweza kuyachoma, na monoksidi ya kaboni hufumuka. Kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi kinachokaa kwenye ekzosi, hushindwa kuisafisha gesi hiyo kwa sekunde hizo, ikiwa bado kipo na hakijang'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake. Dizeli nayo ikikanyagwa ghafla hutema masizi. Sekunde chache za namna hiyo zinaweza kuchafua hewa kuliko dakika nzima ya mwendo tulivu. Kwa hiyo anayetaka kujua moshi wa Juba unatoka wapi hana budi kujua ni nini kinachomlazimisha dereva wa Juba kukanyaga breki na kukanyaga mafuta mara nyingi namna hii. Hakuna njia ya mkato.

Njia ya mkato ipo, lakini ni ya aibu, nayo ni ile ya kuchukua takwimu za Ulaya, gramu kadhaa kwa kilomita, na kuzizidisha kwa magari yetu. Hizo gramu zilipimwaje? Kwa miaka mingi Ulaya ilipima magari mapya kwa zoezi la maabara lililoitwa NEDC. Gari liliwekwa juu ya magurudumu ya chuma likaendeshwa kwa sekunde 1,180 kufuata mchoro wa kasi uliokwisha chorwa, wastani wa kilomita 33 na ushei kwa saa. Katika sehemu ya mjini ya zoezi hilo, kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa gari lilipewa sekunde 26. Sekunde 26! Mtafute dereva mmoja wa Hiace, kuanzia daraja la Nile hadi Jebel, anayeondoka hivyo. Abiria wangeshuka wakapanda boda.

Wenyewe Wazungu mazoezi ya maabara ya namna hiyo yaliwaumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliyatoa magari ya Volkswagen ya dizeli maabara, wakayafunga kifaa cha kupimia moshi, wakayaendesha barabarani kama watu wanavyoendesha. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari hayo yaliwekewa programu inayotambua yanapopimwa, na kwamba nje ya maabara yalitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa magari kama milioni 11 duniani yalihusika. Miaka miwili baadaye, Septemba 2017, Ulaya ilianza kuacha lile zoezi la zamani na kulazimisha vipimo vya barabarani. Ikiwa gari jipya, lenye karatasi zote, katika nchi yenye lami na mahakama, linaweza kutofautiana na takwimu zake mara 40, anayeketi Juba na kunakili takwimu hizo hizo kwenye ripoti anafanya nini? Anatudanganya. Na ripoti ya uongo ina kazi yake: inaonyesha kwamba tatizo ni idadi ya magari chakavu, na dawa ni kumfukuza maskini barabarani.

Majirani zetu walishaonyesha njia, tena zamani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzao walikuja Nairobi wakitengeneza programu ya kukadiria moshi kwa miji ya nchi zinazoendelea, inayojulikana kama IVE. Hawakuja na takwimu za Los Angeles wakazibandika Uhuru Highway. Walifunga vifaa vya setilaiti kwenye magari na matatu, vikarekodi kasi, mahali na mwinuko kila sekunde. Waliweka kamera kando ya barabara kuhesabu ni magari ya aina gani yanapita, wakakagua magari yaliyoegeshwa ili kujua injini zake. Kila sekunde ya safari iliingizwa katika fungu lake kati ya mafungu 60, kulingana na nguvu inayodaiwa na jinsi injini ilivyochoshwa muda mfupi uliotangulia. Nairobi ikapata mwendo wake yenyewe kwenye karatasi, pamoja na Santiago, Lima, Pune na Mexico City. Miaka kumi na ushei baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi na kuchora njia za matatu za jiji. Ramani ikatoka mwaka 2014. Simu tu. Simu hiyo hiyo ambayo leo kila kijana wa boda wa Gudele anayo mfukoni, na inajua kila sekunde iko wapi na inakwenda kasi gani.

Basi tuanze kuuliza maswali ambayo simu hizo zingejibu, maana nashuku ndiyo sababu hakuna anayetaka kuzitumia.

Barabara ya uwanja wa ndege ikifungwa kwa ajili ya msafara wa wakubwa, nani anachafua hewa? Tuseme magari 200 yamesimamishwa dakika 20, na kila injini inakula lita moja kwa saa. Hizo ni lita zaidi ya 60 zimeungua na hakuna gari lililosogea hatua. Halafu ving'ora vinapita, askari anateremsha bunduki, na magari yote 200 yanakanyaga mafuta kwa pamoja. Ukimwuliza mkokotozi wa takwimu za Ulaya, magari hayo yamekwenda kilomita zile zile za kila siku na moshi wake ni ule ule. Ukiuliza rekodi ya kila sekunde, utaona mlima wa moshi wenye saa, dakika na jina la barabara. Utaona pia chanzo chake: si aliyekuwa kwenye boda.

Vizuizi vya barabarani ni hivyo hivyo. Kila mkono unaonyooshwa mbele ya gari ni breki moja na mafuta mara moja. Ninaposikia ofisa akilalamikia moshi wa raksha wakati watu wake wanaisimamisha kila kona, nashindwa kustahimili.

Njoo kwenye Land Cruiser nyeupe. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndilo gari la wenye dhamira njema. Mengi ya magari hayo, yale ya mfululizo wa 70 yanayopendwa na mashirika ya misaada, yana injini ya dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 iliyobuniwa tangu karibu mwaka 1990, isiyo na kichujio cha masizi wala kataliti. Haikuchaguliwa kwa ubaya. Ilichaguliwa kwa sababu inavumilia mafuta mabovu na fundi yeyote anaimudu. Lakini ipite Thongpiny au Hai Cinema mchana wa Machi, jua likiwa nyuzi 40. Nje ya kila ukumbi wa mkutano zimepangwa, madereva ndani, injini zinanguruma, viyoyozi vinavuma, saa moja, saa mbili, hadi warsha iishe. Injini ya namna hiyo ikisimama na kiyoyozi hula lita moja na zaidi kwa saa, na kilomita zake ni sifuri. Gramu kwa kilomita sifuri hazina hesabu. Kwa hiyo kwenye ripoti zinatoweka. Ndani ya ukumbi pengine wanajadili mabadiliko ya tabianchi. Simlaumu dereva, ambaye hana kivuli wala chumba cha kungojea. Namlaumu meneja wake, ambaye angeweza kumjengea banda la mabati kwa gharama ya mafuta ya mwezi mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za kunakili haziwezi kuliona kamwe. Sudan ilihamia kuendesha kulia mwaka 1973, nasi Sudan Kusini tumerithi. Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Magari yetu mengi yametoka Japani kupitia Mombasa na Kampala, usukani uko kulia, na ukivuka Nimule unahamia upande wa pili wa barabara ukiwa na usukani ule ule. Dereva wa gari hilo akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari nje. Anachungulia, anarudi, anapiga breki, anachungulia tena, kisha akipata nafasi anakanyaga mpaka mwisho kwa sababu nafasi ni fupi. Kwenye kilomita 192 za Juba hadi Nimule, hilo linatokea nyuma ya kila lori. Na malori hayo yakifika Gumbo yanajipanga kungoja ukaguzi. Tangu Mei 2022 tuna Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, na mzigo wa daraja la zamani la chuma umepungua. Je, moshi wa Gumbo umepungua, au umehamia Lologo, upande wa pili wa daraja hilo jipya? Rekodi za simu za madereva wachache kwa wiki chache zingetosha kujibu.

Maboza ya maji nayo yasisahaulike. Yanapanda kutoka Mto Nile yakiwa yamejaa, kwa gia ya chini, kwenye njia za udongo za Munuki na Gudele, na mvua zikianza Aprili udongo huo hugeuka tope linalodai nguvu zaidi. Boza halichafui hewa kwa sababu ni bovu tu. Linachafua kwa sababu bomba la maji halikufika. Kwa nini moshi huo uandikwe kwa dereva?

Kuhusu mafuta nitasema kidogo. Nchi inayochimba mafuta ghafi Paloch na kuyasukuma hadi Port Sudan inanunua petroli inayotoka Mombasa kwa malori, na wakati wa uhaba tunainunua kwenye chupa kando ya barabara. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, kwa sababu salfa huua kataliti na vichujio. Sisi tumo pamoja nazo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Kiwango hicho kinapaswa kuwa chetu pia, na kikaguliwe Nimule. Lakini mafuta masafi ndani ya gari linalopiga breki kila mita 50 bado yatatoka kama moshi.

Najua jibu linalokuja. Nchi ina njaa, ina mafuriko, ina wakimbizi wa vita vya Sudan, nawe unaongelea ekzosi? Ndiyo, naongelea ekzosi. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kuliko wote Juba ni nani? Ni yule yule anayelaumiwa: kijana wa boda anayekaa nyuma ya ekzosi siku nzima, mama chai, trafiki wa mzunguko wa Custom, mtoto anayeuza maji baridi dirishani. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu joto lilitarajiwa kufikia nyuzi 45. Watoto wakarudi nyumbani, na nyumba nyingi za mji huu zimetazama barabara. Njaa na moshi humpata mtu mmoja. Hamwezi kumwambia achague.

Wengine watasema simu hainusi moshi. Ni kweli, haiwezi. Inachorekodi ni mwendo, na moshi unaotokana na mwendo huo ni makadirio yanayotegemea kujua injini zilizoko barabarani na gramu zilizopimwa kwenye injini zinazofanana nazo. Makadirio yanaweza kukosea kiwango. Lakini ni vigumu yakosee mahali na wakati: yatakuonyesha kwamba mzunguko huu ni mbaya kuliko ule, kwamba saa mbili asubuhi ni mbaya kuliko saa tano, kwamba shimo fulani likizibwa na kizuizi fulani kikiondolewa nguvu inayodaiwa na injini inashuka. Kwa mji usio na hela ya kununua mitambo, kujua uzibe shimo gani kwanza ni elimu ya thamani. Na mwendo huo upimwe mara mbili, kiangazi na masika, kwa sababu Juba ya vumbi na Juba ya tope haziendeshwi sawa.

Ninachodai hakihitaji mkopo. Halmashauri ya Jiji la Juba itangaze hadharani, kila wiki, barabara zipi zilifungwa kwa misafara na kwa dakika ngapi. Wizara ya Mazingira na Misitu ikatae ripoti yoyote ya moshi wa magari iliyojengwa juu ya takwimu za maabara za ng'ambo bila mwendo wa Juba wenyewe ndani yake. Na kabla mwendo huo haujapimwa, yeyote asithubutu kumpiga marufuku kijana wa boda kwa jina la hewa safi.

Dai la mwisho ni kwenu mashirika na Umoja wa Mataifa. Misheni za kulinda amani zimetumia kwa miaka mingi mfumo wa CarLog unaorekodi safari na mwendo wa kila gari, na mashirika makubwa mengi yana vifaa vya kufuatilia magari yao. Mnavitumia kumwita dereva ofisini akizidisha kasi. Rekodi hizo hizo zinasema gari lilisimama wapi injini ikiwaka, kwa dakika ngapi, na lilikanyagwa vipi lilipoondoka. Msiseme hakuna data ya Juba wakati iko kwenye kompyuta zenu. Ondoeni majina ya madereva, ondoeni namba za magari, futeni safari mnazohofia kwa usalama, kisha kabidhini faili zilizobaki kwa Chuo Kikuu cha Juba. Wanafunzi wa pale wanaweza kuanza hesabu Jumatatu.